Bomba la Ngurumo

Ngurumo alikutwa asubuhi, amekaa kwenye kiti cha dereva, kichwa kimelalia dirisha, kucha na midomo imegeuka rangi ya waridi, rangi ya waliouawa na moshi wa gari. Mlango wa bati wa banda la gari ulikuwa umeteremshwa mpaka chini. Ufunguo ulikuwa kwenye swichi, umewashwa. Petroli ilikwisha, betri ikafa, na mwenye gari naye akafa. Kwenye kiti cha pili palikuwa na kikombe cha chai, kitupu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaani. Tangu afunge bomba jipya la moshi kwenye gari lake, lile la kelele, aliitwa Ngurumo tu, naye alilipenda jina hilo kuliko la kwao.

Kabla polisi hawajafika, kaka yake alishakusanya vijana na kwenda gereji. Hakuuliza swali. Alimpiga fundi kwa bomba la chuma alilolikuta palepale, akisema umemuua mdogo wangu kwa kazi yako mbovu, moshi wote unaingia ndani. Inspekta alipofika hospitali alimkuta fundi amezimia, taya limevunjika pande mbili, na mkono wake umefungwa pingu kitandani. Mkuu wa kituo alishaamua: fundi akiamka, asomewe shitaka la kuua.

Inspekta alikuwa mama mfupi, mkali, asiyependa kuletewa jibu kabla ya swali. Alirudi kwenye lile banda, akatandika gunia sakafuni, akaingia chini ya gari na tochi.

Alianza mbele akaishia nyuma. Maungio yote yalikuwa yamekaza. Bomba linalovuja huacha masizi pembeni ya ufa, na hapa hapakuwa na masizi. Mdomo wa nyuma uling'aa kama sufuria ya dukani. Boksi la sailensa katikati, lile la kupunguza kelele, lilikuwa na kutu nene na limebonyea ubavuni, lakini klampu zilizolishika zilikuwa mpya kabisa. Inspekta alikaa chini ya lile gari muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Alipotoka alimwita kaka wa marehemu.

"Siku anafunga hili bomba ulikuwepo?"

"Nilimsindikiza mwenyewe, afande. Fundi alimpangia maboksi matatu sakafuni. La kwanza akasema sauti yake ya kiungwana. La pili linanguruma ukikanyaga mafuta tu. La tatu halina kitu ndani, moshi unapita moja kwa moja. Mdogo wangu akaligonga kwa kidole, akacheka, akasema nipe hili."

"Fundi akasemaje?"

"Akamwambia, bosi, hili wewe utalipenda wiki moja, majirani hawatalipenda hata siku moja."

"Basi alimwonya."

"Alimwonya, lakini si alifunga!"

"Na lile la zamani mlilipeleka wapi?"

"Liliachwa palepale gereji. Lina kutu, la nini?"

Inspekta alimtazama mikono. Vifundo vilikuwa vimechubuka. Kisha akaenda kwa mjane.

Mjane alikuwa chumba cha mbele, anambadilishia shuka mama yake mzazi. Mama alipigwa na kiharusi, hainuki. Dirisha la chumba hicho lilitazama uwanja na banda la gari. Mjane alikuwa na macho makavu, lakini Inspekta hakulihesabu hilo. Alishawaona wengi wanaolia baadaye.

"Pole, dada. Nielezee jioni ile."

"Alirudi giza linaingia, akangurumisha hapa nje kama kawaida yake. Akaingia bandani, akateremsha mlango, akaendelea kunguruma mle ndani. Alipenda kuisikiliza ile sauti peke yake. Nilifunga dirisha la mama, nikalala hukuhuku kwake. Asubuhi nikaona kitanda chetu hakijalaliwa."

"Chai alipewa na nani?"

"Mimi, alipofika. Afande, yule fundi ataamka?"

"Daktari anasema ataamka. Kwani?"

"Nauliza tu."

Nyumba ile ilikuwa ya mwisho mtaani, kwenye mteremko, na jirani wa karibu alikuwa mmoja tu: mwokaji mikate, ambaye ukuta wa chumba chake uligusana na banda. Kila mtu alijua ugomvi wao. Mwokaji huamka alfajiri na mapema, kwa hiyo hulala jioni, na Ngurumo alikuwa hampi nafasi. Wiki iliyopita mwokaji alipiga kelele mbele za watu: "Iko siku nitakuziba wewe na bomba lako!"

"Ulisema, hukusema?" Inspekta alimuuliza.

"Nilisema, afande. Hasira."

"Daktari kakuta dawa ya usingizi tumboni mwa marehemu. Wewe unazo?"

Mwokaji alitoka jasho. "Ninazo. Nimezinunua kwa sababu yake yeye, nipate kulala."

"Jioni ile ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Gari linaloamsha maiti liko ubavuni mwa kitanda chako, linanguruma mpaka petroli inakwisha, wewe husikii?"

"Naapa, afande! Hata kidonge sikumeza. Usingizi ulikuja wenyewe. Nililala kama mtoto."

Kaka wa marehemu alikuwa anasikiliza mlangoni. Alimrukia mwokaji na kumkaba shingo. Askari ndiye aliyewaachanisha. Jibu la mwokaji lilikuwa la kijinga mno, na mtaa mzima ulishaanza kumwita muuaji kabla jua halijatua. Midomo ya watu ilimpumzisha fundi kidogo, mwokaji akachukua zamu ya kusemwa.

Kesho yake asubuhi Inspekta alikuja na dumu la petroli. Aliamuru gari lisukumwe mpaka uwanjani, chini ya dirisha la mama. Askari alimwaga mafuta, akafunga betri ya gari la polisi. Mjane, kaka na mwokaji walisimamishwa nyuma ya gari, karibu na ule mdomo unaong'aa.

"Nawasha," alisema Inspekta. Hakutia ufunguo mara moja. Aligeuka kwanza, akawatazama.

Mwokaji aliziba masikio kwa viganja. Kaka aliziba, akarudi nyuma hatua moja. Hata askari, ambaye sifa za gari hilo alizisikia tu kituoni, alitia vidole masikioni. Inspekta akageuza ufunguo.

Gari liliwaka, likatulia. Lilisikika kama friji.

Wanaume wale watatu walishusha mikono polepole, wakaangaliana. Wa kwanza kuelewa alikuwa mwokaji. Alianza kulia kwa nafuu, bila haya.

"Lile boksi la kelele halimo," alisema Inspekta. "Limerudishwa la zamani, kwa klampu mpya. Nimeliona lile jingine jana gereji, bado lina udongo wa mtaa huu. Daftari la gereji linasema mumeo alilibadilisha siku ileile aliyokufa, akaacha mdomo wa nyuma kwa urembo. Kwa hiyo mwokaji alisema kweli. Wewe, dada, ulisikia ngurumo ambayo haikuwepo."

"Nilichanganyikiwa, afande. Nimefiwa."

"Yawezekana. Lakini sasa hivi wote wameziba masikio. Wewe mikono ilikuwa kiunoni. Ulijua litawaka hivi, na tangu lifungwe upya limeachwa likiwaka nyumbani hapa mara moja tu, usiku ule bandani."

Mjane alitazama dirisha la mama yake.

"Yale maneno niliyokueleza niliyatunga zamani," alisema, "nikifua mashuka. Niliyarudia mpaka nikayazoea. Siku ilipofika sikuweza kuyabadilisha."

"Mashuka gani?"

"Akinguruma, mama anashtuka, anajikojolea. Kila siku. Nilimpigia magoti mume wangu. Akasema mama mkwe anacheza disko, kisha akakanyaga mafuta tena. Siku ile sikumsikia akifika. Nimemkuta bandani, namuuliza mbona kimya, anasema nimezima kule juu nikaliacha liteleze. Anacheka. Anasema kesho nitaliwasha dirishani kwa mama, mwambie asiogope. Nikajua kafunga kubwa zaidi."

"Ukampa chai."

"Yenye dawa za usingizi za mama. Alipolala nikawasha gari."

"Ukasikia."

"Nikasikia hivi hivi, kama sasa. Mkono uko kwenye ufunguo. Nikamwambia, si ungesema, mume wangu."

"Alikuwa hai. Ungezima."

"Alikuwa hai," alikubali mjane. "Nikayakumbuka mashuka. Nikateremsha mlango."

"Na fundi?"

"Shemeji aliniuliza kama ni moshi wa bomba la fundi uliomuua. Nikamwambia ndio, aende gereji."

Kaka wa marehemu alijikalia chini mchangani. Inspekta hakumpa muda wa kuomboleza. "Inuka na wewe, lete mikono. Kuna mtu anakula kwa mrija kwa ajili yako."

Alizima gari. Mjane alikuwa anafungwa pingu wakati sauti ya kizee ilipotoka dirishani, nzito ya usingizi.

"Mwanangu. Njoo, shuka limelowa tena."

Hapakuwa na kelele yoyote ya kumshtua. Mama alikuwa amelala muda wote gari likiwaka. Mjane aligeuka, akalitazama lile gari, kisha dirisha, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Askari alimsukuma kwenye gari la polisi, shemeji yake akatiwa nyuma yake, wakaondoka.

Uwanjani alibaki mwokaji peke yake. Mama akaita mara ya pili. Mwokaji alijifuta unga kwenye suruali, akaingia ndani.