Kufuli la Nyumba ya Ng'ambo

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Naishi Kasulo, Ngara, katika kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yangu, nalima maharage. Ndugu msomaji, usinihurumie kabla hujamaliza kusoma.

Niliolewa na Paskali, fundi cherehani, katika mji mdogo ng'ambo ya mto Kagera. Tuliishi na mama yake. Miguu yake ilikuwa imevimba, alitembea kwa fimbo. Alinipenda, siwezi kumsingizia.

Vita vilipofika, Paskali alikuwa amekwenda Biharamulo kununua vitambaa. Lori la kutuhamisha likapiga honi. Mama mkwe akakataa kuondoka... Wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa alitolewa kwenye migomba yake, akaona nyumba yake ikiezuliwa.

"Nimeshahama mara moja, mwanangu, inatosha," aliniambia. "Nifungie kwa nje. Siku zile za kuhamishwa, wabomoaji walipokuta kufuli walipita. Mimi mlango wangu ulikuwa wazi. Nenda, Paskali atanifuata."

Nilikuwa na mtoto mgongoni na honi inalia. Nikamwekea mtungi wa maji na sufuria ya ndizi, nikafunga. Je, nilimtii, au nilifurahi kutombeba? Sijui hadi leo.

Kesho yake tulimkuta Paskali Biharamulo, karibu na boma. Akauliza mama yuko wapi. Niliuogopa uso wake. Nikasema amepanda lori jingine na majirani.

Daraja la Kagera lilikuwa bado zima, malori yalikuwa yakirudi kuchukua watu. Paskali hakurudi. Alizunguka akiuliza habari za bibi mwenye fimbo. Siku mbili baadaye tukasikia daraja limevunjwa. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu... na bado sikusema.

Vita vilipokwisha tulirudi wote wawili. Mji haukuwa na moshi wala kuku. Shuleni hesabu zilikuwa bado ubaoni. Kwa kinyozi shuka lilikuwa bado kitini. Nyumba za jirani zilikuwa zimevunjwa milango, na mabati yamechukuliwa.

Yetu ilikuwa na kufuli, limeshika kutu. Walipita, kama mama alivyosema.

Paskali alifurahi. Akainama kutafuta jiwe la kulivunjia. Nikafungua pindo, nikampa ufunguo. Aliutazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Ndani, cherehani ilikuwa mahali pake, na sare ya mtoto wa shule chini ya sindano. Mtungi ulikuwa mkavu. Mama alikuwa nyuma ya mlango. Ubao wa mlango, kwa ndani, ulikuwa na alama za fimbo.

Alimzika peke yake. Hakunipiga. "Mama Devota," alisema, "siku ile daraja lilikuwepo." Akanirudisha kwetu, mtoto akabaki naye.

Sikulia siku ile, na sijalia mpaka leo. Nawaomba, dada zangu, mkikosea semeni siku ile ile, hata kama mtapigwa, hata kama mtafukuzwa. Mimi nilinyamaza nisifukuzwe.

Ufunguo ninao. Paskali hakuutaka.