Saa ya Mwenzake

Fundi mmoja rafiki yangu alikuwa akitunza saa za maabara, zile zinazolinganishwa na za kituo cha mbali kwa setilaiti. Saa aliyoitunza fundi mwenzake haikuyumba miaka nenda miaka rudi. Kila kikao sifa zake, utadhani ndiye aliyeuzaa wakati! Wivu ukamtafuna rafiki yangu.

Siku moja alitumwa kubadilisha taa iliyoungua kwenye chumba cha saa, kisicho na dirisha. Gizani akapapasa, akauchomoa makusudi waya unaopeleka mapigo ya saa ya mwenzake kwenye antena. Papo hapo simu ikalia.

“Mpe hongera mwenzako,” alisema fundi wa kituo cha mbali. “Saa yake tunaipata vizuri kuliko jana.”

Waya ulikuwa bado mkononi mwa rafiki yangu, umetengana na antena, ukidunda kama mshipa wa shingo.