Wimbo Ulioongoza Septemba

Siku za Jumamosi duka la Wameksiko lililo kusini mwa Louisville hujaa hadi mlangoni. Mbele ya bucha ya mbuzi husimama foleni ya Wakongo, Watanzania na Wameksiko wenyewe, na spika iliyo juu yao hupiga muziki kwa nguvu kiasi kwamba mchinjaji hulazimika kuuliza kila kilo mara mbili. Ilikuwa mwezi wa tatu. Chimène Nshombo alikuwa bado na sare yake ya kazi ya buluu, kichwani amefunga kitenge cha rangi ya machungwa. Wimbo wa haraka, wenye tarumbeta, ulipoanza, naye akaanza kuufuata kwa midomo iliyofungwa.

Mtu wa nyuma yake akaudakia.

Chimène akageuka. Alimwona kijana mrefu mwenye jaketi la ngozi, amepakata mihogo kama mtoto mchanga.

"Samahani, dada," kijana akasema. "Nimeona unauimba peke yako, nikakuonea huruma."

"Unajua Kispanyola?"

"Hata neno moja. Naendesha lori, na redio ndiyo mwenzangu. Na wewe?"

"Miye niko nachunga mama moja, Mumeksiko, kule Shively. Redio yake inalia siku yote. Lakini huu wimbo haupendi. Ukianza tu, anaizima."

"Basi leo utausikia mpaka mwisho."

"Ningeusikia, kama weye haungeniharibia."

Aliitwa Cosmas, mtu wa Bukoba, na alipanga chumba Clintonville, kaskazini mwa Columbus. Kila wiki alibeba mizigo kutoka Louisville kwenda Columbus, kisha kupanda hadi Buffalo. Mbuzi alipokatwa na kufungwa, namba ya Chimène ilikuwa tayari kwenye simu yake.

Yule mama aliitwa Ofelia. Alikuwa mzee wa miguu mibovu na akili kali, na kila Jumapili mchana alisikiliza kipindi kimoja bila kukosa. Mtangazaji alikuwa akiupitia mwaka 1985 wiki kwa wiki, ndiyo kwanza ameanza na Januari, na kila Jumapili alipiga wimbo ulioongoza Meksiko katika wiki hiyo, kisha akasoma salamu za wasikilizaji. Cosmas naye akaanza kukifuata kwenye lori. Chimène aliiweka simu karibu na redio, na wawili hao wakasikiliza pamoja, mmoja jikoni kwa bibi, mwingine mahali fulani barabarani.

"Huyu analalamika nini leo?" Cosmas aliuliza.

"Mama Ofelia anasema mwanamke amemukimbia."

"Kila wiki anakimbiwa. Ajitazame."

"Weye ukikimbiwa utaimba?"

"Mimi nitakufuata na lori, chérie."

"Ona. Mutu wa Bukoba anasema mupenzi kwa Kifaransa."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na redioni Januari ya watu wengine ikawa Februari, ikawa Juni. Hata hivyo Chimène aliweka sharti moja mapema, na siku hiyo hakutania. Baba yake alikuwa akiuza mawese. Asubuhi moja alitoka Bukavu kwenda Uvira, akasema, "Nikifika nitapiga." Familia ilimpigia hadi betri zao zikaisha, na sauti ya mwanamke kwenye mtambo ikawajibu kwa upole ule ule kwamba mtu huyo hapatikani. Hakupatikana tena. Hata maiti haikuonekana.

"Kwa hiyo ukifika Columbus, unapiga," alimwambia Cosmas. "Ukifika Buffalo, unapiga. Hata kama tumekosana. Simu ikinyamaza, miye moyo unasimama. Siwezi kuolewa na kitu ya namna hiyo."

"Nitapiga," Cosmas akaahidi, na kwa miezi yote hiyo alipiga.

Desemba ilipofika, Cosmas alifanya jambo aliloona ndilo la heshima. Chimène hakuwa na baba. Mkubwa wa nyumba yao alikuwa kaka yake, Byamungu, mfanyakazi wa kiwanda aliyenunua nyumba ya zamani Black Rock, mtaa wa Buffalo ulio karibu na mto. Ijumaa jioni Cosmas alishusha mzigo, akaegesha lori, akavaa suti ya kijivu na kwenda kubisha hodi. Hakumwambia Chimène; hata simu ya kufika aliiahirisha, apige akiwa na jibu. Kwao, mwanamume hutangulia kwa wazee ndipo binti aulizwe.

Byamungu alimpokea vizuri, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamnyooshea mkono.

"Bon, toa simu. Zima, weka hapa juu ya kabati."

"Kaka, kuna tatizo?"

"Hakuna. Kwetu, mutu akishaomba binti, haongei naye mpaka nyumba ijibu. Hapigi, haandiki. Wajomba wako Bukavu na Uvira, tutakaa nao kwa simu Jumapili jioni. Ukiongea naye mbele ya hapo, watasema nimemuuzisha dada yangu kwa mulango wa nyuma. Nipe neno yako."

Cosmas alisita. Aliwaza kwamba angefungua mjadala wa mahari kwa kukataa sharti la kwanza la mkwewe. Akatoa neno lake, akaizima simu.

Usiku huo theluji ilishuka kutoka ziwani. Kufikia asubuhi magari ya mtaani yalikuwa vichuguu vyeupe na barabara kuu ilikuwa imefungwa. Cosmas akawa mgeni asiyeweza kuondoka.

Huko Shively, Chimène alipiga tangu alfajiri. Huku hakukuwa na yule mwanamke wa mtambo. Ilikuwa sauti ya Cosmas mwenyewe, changamfu, ikimwomba aache ujumbe. Kila mara aliikata katikati, kwa maana ilikuwa sauti ya mtu aliye hai ikitoka mahali ambapo huenda hapakuwa na mtu. Kwenye televisheni ya Mama Ofelia walionyesha malori yaliyolala ubavuni kama ng'ombe. Alijaribu kusoma ubavu wa kila lori, lakini theluji ilikuwa imefunika maandishi.

Adhuhuri alimpigia kaka yake. Hakuwahi kumwambia habari za mwanamume yeyote, kwa hiyo aliuliza alivyoweza.

Black Rock, simu iliita mezani, wakati wa kula. Byamungu aliifungulia spika huku mikono yake ikiwa kwenye fufu, ugali wa mhogo.

"Yaya," Chimène akasema, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwao, "huko theluji ni mingi?"

"Ni mingi sana. Barabara imefungwa."

"Watu wamekufa?"

"Wanasema kuna wa malori. Miye niko muzima, usiogope."

Halafu sauti ya Chimène, nyembamba sana: "Wa malori wangapi?"

Cosmas aliinuka nusu kwenye kiti. Byamungu akainua kidole kimoja chenye fufu, na Cosmas, aliyekuwa ametoa neno lake, akabaki hivyo, amekaa wala hajakaa, hadi simu ikakatika.

"Kaka, anafikiri nimekufa."

"Alikuwa anauliza miye."

"Alikuuliza wewe kwa sababu hawezi kuniuliza mimi. Kwa ajili ya baba yenu, niruhusu."

Uso wa Byamungu ulibadilika baba yake alipotajwa, lakini aliogopa wajomba zaidi ya alivyomwelewa mgeni. "Ni kesho tu," akasema. "Vumilia."

Jumapili mchana Cosmas alisimama jikoni akimweleza Clémence, mke wa Byamungu, habari ya redio ya Jumapili. Clémence alikoroga sombe, majani ya mhogo, bila kugeuka.

"Bwana yangu alikukataza kupiga Chimène," akasema. "Sikusikia akikataza kupiga redio. Kamata simu yangu."

Cosmas alipiga. Mtangazaji alijua Kiingereza kidogo, akapokea salamu, akasema zitasomwa mara tu wimbo wa leo ukiisha. Wiki ya leo, akaongeza, ni ya katikati ya Septemba 1985. Akaimba kipande kidogo cha wimbo wenyewe, kwa furaha.

Cosmas alishika ukingo wa meza. Ulikuwa ule wa tarumbeta, wa duka la mbuzi. Ule ambao Mama Ofelia, ukianza tu, huuzima.

Tarumbeta zilipolia Shively, Chimène alikuwa amekaa sakafuni kando ya kiti cha bibi, macho yamevimba, kitenge kimemwangukia shingoni. Kwa mazoea aliinua mkono azime. Hakutaka kusikia furaha ya mtu.

Mkono wa Mama Ofelia ukamshika kifundo cha mkono.

"Acha leo," akasema kwa Kiingereza chake cha vipande. "Nikuambie kwa nini nauzima." Akasimulia polepole. Wiki ile, Septemba 1985, ardhi ilitetemeka Meksiko. Mchumba wake alikuwa kazini, katika jengo lililoanguka. Redio ilisoma majina ya waliopatikana, na baina ya majina ikapiga wimbo huu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiongoza. Jina lake halikusomwa. Siku moja aliizima redio katikati ya wimbo, na tangu hapo hajausikia mwisho wake. "Nilizima," akasema. "Huenda walimsoma baada ya hapo. Sijui. Wewe usizime."

Wakasikiliza, wameshikana mikono, kila mmoja akimwogopea mtu wake. Wimbo ulikuwa mrefu. Tarumbeta zikapanda, zikashuka, zikanyamaza.

Mtangazaji akaanza kusoma salamu: Rosa, kwa mama yake; ndugu wawili, kwa kocha wao. Halafu akasita juu ya jina geni. "Cosmas, aliyeko nyumbani kwa Byamungu, Buffalo, kwa Chimène, Shively. Anasema: nimefika."

Mama Ofelia ndiye aliyelia. Chimène alikuwa tayari ameshika simu.

"Yaya, mupe."

"Nani?" Byamungu akajaribu.

"Mupe simu, Yaya."

Byamungu akatazama kabati, akamtazama mke wake, akampa.

"Chimène."

"Uko muzima?"

"Mzima, mpenzi. Niko kwa kaka yako tangu Ijumaa. Nilikuja kukuomba. Nilitoa neno nisikupigie."

"Nilikuzika, Cosmas. Jana nilikuzika. Leo asubuhi nilikuzika tena. Donc, basi ile ilikuwa heshima?"

"Nilidhani ndiyo."

"Na lori hautaliacha."

"Ndiyo kazi niliyo nayo. Sitakudanganya."

Alikata simu bila kuaga, na Cosmas akakaa na suti yake hadi jioni kama mtuhumiwa.

Jioni wajomba walikuja hewani, sauti zao zikikatika. Walizungumza ng'ombe, vitenge, suti ya mjomba mkubwa, Clémence akiandika orodha. Mwishowe wakamwita binti wamuulize swali lenyewe: wapokee mali ya mtu huyu, wasipokee?

Cosmas alisikia pumzi ya Chimène, na kabisa hakujua itaishia wapi.

"Munaweza kupokea," Chimène akasema. "Lakini na yangu iko. Akifika mahali, anapiga. Hata mukimukataza. Hata akiwa mbele ya wazee."

"Hiyo si mahari," mjomba mkubwa akasema.

"Baba angekuwa hapa angejua ni mahari."

Byamungu akakohoa, akamwambia mke wake kwa sauti ndogo, "Andika."

Barabara ilifunguliwa Jumanne. Chimène hakupata usingizi wa kweli, wala hakutegemea kuupata. Theluji ilikuwa bado ikianguka kando ya ziwa. Alikuwa akimfunga Mama Ofelia viatu simu ilipoita.

"Nimefika Columbus," Cosmas akasema.

"Nimesikia," akajibu, mkono ukiwa bado juu ya kamba za kiatu. "Sema tena."