Sanduku Lililovuka Ziwa

Mwaka ule watu wa Zaire walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, Aikande, mke wa bwana shamba aliyehamishiwa Kigoma, alikuwa akimpangia binti yake Jovita chumba. Mtoto alishafika umri wa kulala peke yake. Kitanda kilikuwepo, cha mninga, na godoro jipya. Nguo tu ndizo zilizokuwa bado kwenye maboksi.

Pale Kibirizi, zinapoegesha boti za ziwani, akaona sanduku la mbao, jekundu, la kimo cha mtoto. Mchuuzi alisema lilishushwa botini na mwenyewe hakuonekana. Aikande hakuuliza zaidi. Mwanamke akishapenda kitu haulizi.

Jirani yake Honorata, Muha wa hapo hapo Rusimbi, akamzuia mlangoni.

"Mama Jovita, usiliingize. Kitu kilichovuka na watu tunakilaza ufukweni usiku kucha, kifuniko wazi. Kilichomo kitoke kwanza."

"Kimo nini? Nimeliangalia, ni tupu."

"Tupu kwa macho yako."

"Shoga, mvua itaniharibia mbao." Akalisukuma hadi chini ya dirisha, akapanga magauni ya mtoto.

Asubuhi magauni yalikuwa sakafuni. Yamekunjwa vizuri kuliko alivyoyakunja yeye.

"Si mimi, mama," Jovita akanong'ona. "Anasema yanambana. Hana pa kulala."

"Nani?"

Mtoto akatazama sanduku.

Aikande akayarudisha yote, akabana kifuniko. Kiburi cha watu wa kuja kama yeye!

Alasiri alikuwa uani akichambua dagaa. Nyumba ikanyamaza. Akaita. Akaingia chumbani.

Magauni sakafuni. Yamekunjwa. Kifuniko kimefungwa.

Akakifunua. Jovita amejikunja ndani, midomo imepauka, nywele zinachuruzika maji. Akamvuta. Akampiga mgongoni. Mtoto akakohoa. Akatapika mchanga.

"Tumebadilishana," akasema. "Nimempa kitanda."

Honorata alijitwika sanduku mwenyewe mpaka ufukweni, akaliacha wazi. Kulipokucha wakaenda kutazama. Mchanga ulikuwa laini pande zote, bila unyayo. Hakuna kilichotoka.

Jovita hakudhurika tena. Amekua, shule amemaliza, lakini bado hulala ukingoni mwa kitanda. Aikande akitandika hukung'uta mchanga wa ziwa upande wa ukutani, pale godoro lilipobonyea kama amelala mtu.

Jovita amekua. Kibonde kile bado ni cha kimo cha mtoto.