Dishi Lililoinamia Mlango

Aliyemwambia Jentrix kwanza habari za dishi ni Chelagat, jirani aliyempitishia maziwa kila asubuhi kwenye pengo la ua. Siku hiyo alimkabidhi chupa, kisha akabaki amesimama, akifuta mikono kwenye leso ingawa ilikuwa mikavu.

"Mama Sikhoru," akasema, "hilo dishi lenu jana mchana lilikuwa linatembea."

Jentrix akacheka kidogo. Kutembea ndiyo kazi yake, akamweleza. Mumewe, Hesbon, alilifungia mota. Akibonyeza rimoti, linageuka polepole toka mashariki hadi magharibi, likikamata vituo vya bure vya Waarabu, vya Wahindi, vya Wakongo, na vya nchi ambazo watu wa Kitale huzisikia kwa majina tu.

"Hiyo naijua," Chelagat akasema. "Lakini jana stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Na halikuangalia juu, dada. Lilikuwa limeinamia mlango wenu."

Jentrix aliingia ndani na chupa yake. Sikhoru alikuwa amelala chali, macho wazi, ametulia. Siku hizi mtoto huyo hakuwa akilia. Watu walimsifu kwa hilo.

Mwanzoni alilia sana. Huko kwao Hesbon, upande wa Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kukoma watu wazima hujua kuna marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Basi mtoto hutajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka lifikiwe lile litakalomnyamazisha akashika ziwa. Kazi hiyo ni ya bibi. Lakini wakati huo mama mkwe alikuwa Tongaren, mahindi yakimngoja shambani, na Hesbon akasema hakuna haja ya kumsumbua, wafu wa kwao anawajua mwenyewe. Aliwataja akiwa amesimama mbele ya televisheni, rimoti mkononi. Alipotamka Sikhoru, kilio kilikatika kama uzi. Ati huyo alikuwa ndugu ya babu yake, alivuka mto Lwakhakha kwenda Uganda zamani na hakurudi. Jentrix alimshukuru Mungu. Hakutilia maanani kwamba mtoto hakushika ziwa, ila aligeuza kichwa kuelekea kioo kilichojaa chenga.

Jioni ya siku ile aliyosema Chelagat maneno yake, stima ilipotea tena. Jentrix alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni sebuleni, mwanga wa mwisho ukiingia dirishani, aliposikia mota ikilia nje. Aliijua sauti hiyo kama alivyojua kikohozi cha mumewe: nyiii, halafu kimya, halafu nyiii. Akajiambia ni upepo. Lakini migomba haikutikisika, na harufu ya nywele zinazoungua ikaanza kupenya chini ya mlango, nyembamba kwanza kisha nzito, na mwanga wa dirishani ukapungua kidogo kidogo kwa sababu kitu cha mviringo kilikuwa kikijisogeza mbele yake kutoka nje, na kioo cha televisheni, ambacho hakikuwa na stima wala uhai, kikawaka rangi ya maziwa yaliyochacha, na ndani ya kioo hicho sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikaita Sikhoru, taratibu, kama mzazi anayeita mtoto aje kula, na mtoto aliyekuwa mikononi mwake, utelezi wa sabuni mwili mzima, akainua mikono yote miwili na kucheka.

Alimfunika kwa shuka akakimbilia kwa Chelagat, na huko ndiko Hesbon alikomkuta.

Jentrix akamweleza yote kwa kunong'ona. Hesbon alimsikiliza akitazama viatu vyake.

"Si ni mota tu imezeeka," akasema. "Usijitie hofu, Mama Sikhoru."

Hakuuliza sauti ilisema nini. Hilo ndilo lililomchoma Jentrix usiku kucha: mtu anaambiwa nyumba yake imeita mtoto wake kwa jina, naye hata hashtuki.

Kulipokucha akambeba mtoto akaenda Tongaren, akisingizia kwamba bibi hajamwona mjukuu. Mama mkwe wake, Pauline, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alimpokea mtoto, akamnusa utosini, uso ukabadilika.

"Mnamwita nani huyu?"

"Sikhoru, mama. Yule ndugu ya babu aliyeenda Uganda."

Pauline aliweka gunzi chini. Alisema wafu wa ukoo huo amewapikia walipokuwa hai na kuwalilia walipokufa, na aliyeenda Uganda hakuwepo. Sikhoru hakuwepo. Kisha akamwita Hesbon kwa simu, kwa maneno machache ambayo mwana hawezi kuyakataa.

Alifika jua likiwa kichwani. Mama yake hakumpa kiti.

Maneno yalimtoka moja moja. Alikuwa akilisukuma dishi magharibi zaidi, alisema, kupita setilaiti ya mwisho anayoijua, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu. Akapata kituo safi sana. Chumba kitupu, kigoda kimoja, na mtu ameketi amempa mgongo. Mtu huyo alimjua Hesbon. Akamwambia kwamba yeye hana jina, na asiye na jina hana mlango wa kuingilia. Hesbon akimpa jina la kuitwa katika nyumba, naye atamfungulia vituo vyote vya duniani.

"Jina nani alilichagua?" Pauline akauliza.

"Mwenyewe, mayi," akamjibu mama yake.

"Na wewe ulitaka kuona nini huko duniani?"

"Mpira," Hesbon akasema. "Mechi zote."

"Yaani mtoto umemtoa kwa mpira, bana," Pauline akasema polepole. "Hata goli hukufunga wewe."

Jentrix alikumbuka kila aliyemwita Mama Sikhoru, kisimani, sokoni, kanisani, naye akiitika kwa furaha. Alikumbuka kwamba aliyemwita hivyo mara nyingi zaidi alikuwa mumewe.

Pauline aliketi kizingitini, miguu nje, mtoto mapajani, akaanza kuwataja wafu wake wa kweli. Mtoto alilia kilio ambacho hakikusikika miezi yote ile, kilio cha mtu aliyefungiwa. Akalia kwa Nelima, akalia kwa Mukhisa. Alipotajwa Khisa, baba yake Hesbon, ambaye Hesbon hakumtaja kabisa siku ile, mtoto akapiga chafya, akatafuta ziwa la mama yake, akanyonya kwa nguvu. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita uani, na kuku wakatawanyika kuipisha.

"Huyu amepona," Pauline akasema. Alikuwa akimtazama mwanawe. "Lakini jina halimwagwi kama maji ya kunawa. Likimtoka aliyepewa, humtafuta aliyelitoa."

Hesbon alicheka, cheko fupi. Akaapa atalishusha dishi siku hiyo hiyo, na kweli walipofika Kitale alichukua spana, akalifungua, akalilaza kifudifudi nyuma ya nyumba. Jentrix alilala chumbani na mtoto, mlango ameuegemezea gunia la mahindi. Mumewe alibaki sebuleni.

Asubuhi aliamshwa na mota ikilia juu ya mlingoti usio na dishi. Akamfunga mwanawe Khisa mgongoni, akasogeza gunia, akatoka. Hesbon alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya sebule, ameelekea televisheni iliyozimwa, amempa mgongo.

Nje, Chelagat akaita kwa mazoea: "Mama Sikhoru! Maziwa!"

Mtoto hakutikisika.

"Naam," akaitika Hesbon, kwa sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, na shingo yake ikaanza kugeuka polepole, kidogo, ikatulia, kidogo tena.

Jentrix hakungoja kuuona uso. Alipita kando ya ule mgongo aliouosha tangu siku ya harusi, akatoka, akavuta mlango, akasukuma komeo la nje mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye pengo la ua kuchukua maziwa ya mwanawe.

"Niite Mama Khisa," akamwambia Chelagat. "Lile jina jingine usilitaje tena hapa. Mwenyewe yumo ndani."