Faida ya Furu

"Weee! Usimpasue huyo!"

Kisu cha Bernado kikaganda hewani. Soko la samaki la Mwigobero, Musoma, lilikuwa limechachamaa asubuhi ile, lakini sauti iliyomshtua ilikuwa ya binti mwenye gauni la njano na ndala zilizolowa, anayemnyooshea kidole furu, samaki mdogo asiyezidi kiganja.

"Dada, hawa huwaga tunawakaanga."

"Ona mdomo ulivyovimba. Amebeba watoto humo, na hali chakula mpaka wakue."

Bernado akachungulia. Kisha akamtazama binti mwenyewe, akasahau kisu.

Binti huyo ni Wegesa, mtafiti wa viumbe. Miezi ikapita Bernado akimtafutia furu hai mpaka kisiwani Rukuba, na simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimefunga kama furu wako."

"Kichaa wewe!"

Balaa likaja na tuzo. Kampuni moja ya dawa ilitaka kumtunuku mwanasayansi anayechunguza viumbe ili ajue tu, bila kutafuta bidhaa. Wegesa akaingia fainali. Akishinda, anapata maabara yake hapohapo Musoma. Akikosa, mkataba umekwisha, anaondoka.

Kamati ya tuzo ikampigia Bernado, kwa kuwa ndiye msaidizi wake wa ziwani. Jamani, muuza samaki umwambie kuna kampuni haitaki faida, atakuelewa? Akamwaga sifa: "Huyo anatengeneza dawa ya ugumba! Akina mama wa Bunda watapanga foleni!"

Kamati ikaona Wegesa amewadanganya, kumbe anatafuta bidhaa.

"Bernado, umeniua!" alilia kwenye simu. "Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakupamba, mpenzi..."

"Usinipigie tena!"

Bernado akakosa raha. Anapanga samaki, anapangua. Anapiga, haipokelewi. Aliposikia Wegesa ameitwa kujieleza kwenye hoteli moja Bunda, akavaa shati lake la kanisani akaondoka bila kualikwa.

Alimkuta mbele ya kamati, kitenge cha bluu, macho mekundu.

"Aliyedanganya ni mimi, siyo yeye," Bernado alisema akihema. "Hakuna dawa yoyote."

"Sasa utafiti wake umekusaidia nini?" aliuliza Mama Hyasinta, mwenyekiti.

"Hakuna, mama. Ila tangu aniambie, nikikuta furu kavimba mdomo, kisu kinakataa. Namrudisha ziwani. Wenzangu wananichekaga."

Mama Hyasinta akavua miwani. "Majibu Ijumaa," akasema.

Nje, Wegesa hakutulia. Alienda, akarudi, akivuta ncha ya kitenge.

"Ijumaa mbali, Bernado. Nikikosa?"

"Ukikosa, furu watakaa kwenye mabeseni yangu, na wewe utakaa na mimi. Nakupenda, Wegesa. Jumapili nipeleke Butiama kwa baba yako."

"Baba akikuuliza kazi yangu ina faida gani?"

Bernado akajaza mashavu hewa kama furu aliyebeba watoto, akafumba mdomo kabisa.

Wegesa akacheka huku machozi yanamtoka, akamshika mkono.

"Hivyohivyo," alisema. "Usiachie mpaka Butiama."