Tonge la Itaka

Kikombe cha fedha cha kanisa la Itaka kiliibwa mwaka 1953, kahawa ilipokuwa imechanua, kijiji kizima kikinukia na watu wakitembea ukunguni kana kwamba bado wamelala. Inspekta Kasiani Nzunda alipofika kutoka Mbeya, wazee walikuwa wameshampata mwizi kwa njia yao. Kila mtu alipewa tonge la ugali mkavu, aape, alimeze. Wote walimeza. Mjane Enesi lilimkwama, akalitema.

"Mwizi koo humkataa," walimwambia. "Kesho anahama. Shamba la marehemu mumewe Timotheo linarudi kwenye ukoo."

Kasiani alihisi naye anaota. Katika upelelezi wake wote, alikuwa hajapata kuona ugali ukitoa ushahidi.

Alimkuta Enesi kibarazani, amekonda, akinywa maziwa taratibu.

"Maziwa yanapita, mama?"

"Yanapita."

"Na ugali?"

"Tangu mwaka jana unagota hapa." Akagusa chini ya shingo.

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Mjane akishindwa kula, watasema amerogwa au yeye ndiye mchawi."

Kasiani akampeleka zahanati, na tabibu akamwambia ainue mikono juu. Uso ulimwiva, pumzi ikawa fupi.

"Kumeza kwa shida kuna sababu nyingi," tabibu alisema. "Mafindofindo, kidonda, mwiba wa samaki, hata hofu tu. Huyu tezi la shingo limeota kwa ndani, linabana umio. Likiachwa, hata maziwa yatakataa. Mbeya wanaweza kulikata."

Kasiani akarudi kwa wazee.

"Wazo la tonge lilikuwa la nani?"

"La Damiano, shemeji yake Enesi."

Hakuuliza zaidi. Mchana alijikaribisha kwa Damiano, akamtaka na Enesi aje. Mazungumzo yalikuwa ya mvua na bei ya kahawa, na Damiano alikuwa mchangamfu kweli kweli. Chakula kilipotengwa, Damiano aligeukia jikoni, akamwita mkewe kwa mazoea, "Ruti, shemeji mchemshie uji. Ugali huu hawezi."

Mkono wake ukabaki juu ya ugali.

"Umejuaje hawezi? Wazee walisema ni wizi, si ugonjwa," Kasiani aliuliza.

Damiano alianza kunawa mikono upya.

"Damiano. Umejuaje?"

"Nilimwona akimtupia mbwa ugali wake. Mwaka jana."

"Na kikombe?"

"Kwenye shimo la maganda ya kahawa."

"Kwa nini?"

Damiano alianza kulia. "Miche ile tulipanda wawili, mimi na kaka yangu. Amekufa, imebaki kwa mwanamke asiye na mtoto. Maua yakichanua silali, Bwana Inspekta. Harufu inanifuata mpaka kitandani."

Enesi alimtazama bila hasira, na hilo lilimuuma Kasiani kuliko matusi.

"Ungengoja kidogo tu, shemeji," alisema. "Tezi hili lilikuwa linakufanyia kazi hiyo."

Jioni Kasiani aliwapakia wote wawili kwenye gari moja. Mahabusu na hospitali, zote ziko Mbeya.